Meza za Mabinti wa Ruanao

Tarehe 16 Oktoba 2016, saa tatu asubuhi, mpira mdogo wa tenisi ya mezani wenye namba 214 ulitolewa kwenye ndoo ya wanawake katika uwanja wa kijiji cha Ruanao, na mwenye namba hiyo, Mou Lanfei, mshonaji wa viatu mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, akawa mmoja wa watu sitini waliopangiwa kukaa katika baraza la mashauriano la kijiji.

Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa nyumbani, mguu kwenye cherehani, akiunganisha ngozi za juu za viatu kwa ajili ya kiwanda kilichoko bondeni. Habari aliletewa na jirani yake, Chen Ahua, aliyepanda ngazi akihema na kuingia bila hodi.

"Mama Qiuyan! Tumeokotwa!"

"Tumeokotwa na nani?"

"Na ndoo. Mimi na wewe. Katibu wa kijiji ametia mkono mwenyewe, kafumba macho kama anaoshwa na mkewe. Wa kwanza wewe, wa tano mimi."

Lanfei alikata uzi kwa meno. "Watakuwa wamekosea ndoo."

Hawakuwa wamekosea. Tarafa ilikuwa imeagiza ndoo mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, ili baraza lipate nusu kwa nusu. Mabaraza hayo, ambayo watu wa pwani hii ya Zhejiang nchini China huyaita mazungumzo ya kutoa moyoni, hayakuwa mapya kijijini. Yaliwahi kujadili daraja, taka na taa za barabarani. Ila mara zote zilizopita kila nyumba ilipeleka mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na ndevu.

Safari hii jambo lilikuwa zito kuliko daraja. Nyumba za mawe za Ruanao zilikuwa zibomolewe na majengo mapya yasimamishwe, na kila aliyehesabiwa kuwa mwanakijiji angepewa nafasi yake ndani ya majengo hayo. Swali lilikuwa nani ahesabiwe. Kanuni ya zamani ilisema binti akishaolewa nje ya kijiji hahesabiwi tena, yeye wala watoto wake, hata akirudi. Wazee walikuwa na usemi wa kuisaidia kanuni hiyo: binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagwa nje ya mlango. Maji yakimwagika hayazoleki.

Binti wa pekee wa Lanfei, Ruan Qiuyan, alikuwa ameolewa kijiji cha upande wa pili wa mto, akaachana na mumewe, na tangu miaka miwili iliyopita alikuwa amerudi kwa wazazi wake pamoja na mwanawe wa kike, Tangtang, aliyeanza darasa la kwanza mwezi wa tisa. Siku za kazi Qiuyan alikwenda asubuhi kukagua pampu kwenye kiwanda cha pampu za maji, jioni alirudi. Usajili wake wa ukaazi haukuwahi kuhamishwa kutoka Ruanao. Kule kwa mume hawakumwandika alipoolewa, na baada ya talaka wasingemwandika kamwe. Kwa hesabu ya vijiji vyote viwili, Qiuyan alikuwa haishi popote. Kanuni ikibaki ilivyo, nyumba itabomolewa, wazee watapata chumba cha watu wawili, naye na mtoto watatafuta pa kwenda.

Mchana wa siku hiyohiyo alikuja Ruan Zhengkui, kaka mkubwa wa mume wa Lanfei. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba, aliwahi kusimamia machimbo ya mawe, na sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa ukoo. Hakuja mikono mitupu. Alimletea Tangtang machungwa madogo, akammenyea la kwanza kwa mkono wake na kumtolea nyuzi zote nyeupe, maana alijua mtoto hazipendi. Familia nzima ilikuwa mezani.

"Shemeji, nasikia mpira wako umetoka."

"Ndivyo wanavyosema, shemeji."

"Hongera. Basi Zhengbiao ataenda. Kila nyumba mdomo mmoja, ndiyo desturi yetu."

Zhengbiao, mumewe Lanfei, dereva wa lori aliyezoea kukaa peke yake na kunyamaza, aliinua macho kutoka kwenye bakuli. "Sawa, kaka."

"Baba mkubwa," alisema Qiuyan, "mpira ni wa mama."

"Mwanangu, mpira ni wa plastiki. Haujui desturi."

"Ndiyo maana walitumia mpira."

Zhengkui alicheka, akampapasa Tangtang kichwani, akaaga. Mlangoni aligeuka kumwambia ndugu yake avae shati la maana, kwa kuwa watu wa tarafa wangekuwepo.

Lanfei aliendelea kupakua wali. Ukweli ni kwamba alihisi mzigo umemtoka mabegani. Miaka thelathini katika kijiji hiki hakuwa amewahi kusimama ndani ya ukumbi wa ukoo isipokuwa akiwa amebeba sahani. Jumamosi, baraza likiwa kesho yake, alichukua shati jeupe la mumewe, akapasha pasi.

Qiuyan alimkuta akinyoosha kola.

"Mama, unampigia baba pasi ili aende akanyamaze kwa niaba yako?"

"Bora anyamaze yeye kuliko nipayuke mimi. Nikisimama pale nitalia, na nikilia watasema wanawake ndivyo walivyo."

"Ungelilia nini?"

"Wewe. Mtoto. Ningewaomba wawahurumie."

"Basi afadhali usiende kweli." Qiuyan aliichukua pasi mkononi mwa mama yake, akaiweka wima. "Sitaki kuhurumiwa. Nimezaliwa kwenye chumba hiki hapa, kuta zinanijua. Atakayekwenda kuniombea huruma, awe baba au awe wewe, ananifukuza mara ya pili."

Jumapili Zhengbiao aliondoka saa moja na nusu, kola imesimama, kadi ya baraza yenye jina la mkewe mfukoni. Saa mbili na robo alikuwa amerudi. Alisimama mbele ya cherehani kama mtu aliyepoteza lori.

"Wamenikataa."

"Wamekukataaje?"

"Wanasema mimi si wewe."

Alihadithia kwa vipande, kwa jinsi alivyojaliwa kusema. Mlangoni mwa ukumbi alisimama mwalimu mmoja wa kike, Ye Junmei, wa shule ya tarafa jirani, aliyeitwa kuongoza mazungumzo kwa sababu hakuwa na shangazi wala shamba Ruanao. Alikuwa anapokea kadi moja moja na kumtazama mtu usoni. Wanawake waliotolewa na ndoo walikuwa thelathini. Waliofika walikuwa wanne. Kadi ishirini na sita zilizobaki zilikuja mikononi mwa waume, wana na baba wakwe.

"Dehai alitangulia," alisema Zhengbiao. Dehai alikuwa mume wa Ahua. "Mwalimu akamuuliza, wewe ndiye Chen Ahua? Dehai akasema, leo ndiye mimi."

Lanfei alijishika mdomo.

"Mwalimu akasema, basi karibu, Ahua, na mumeo yuko wapi? Watu wakacheka mpaka Dehai akatoka nje kuvuta sigara. Ndipo kaka akaingilia. Akamwambia, mwalimu, ukumbi huu ni wa ukoo wa Ruan. Mwalimu akasema, ukumbi ni wenu, mzee wangu, lakini majina haya ni ya baraza, na asiyekuwepo na lake halipo. Bila hao ishirini na sita hakuna baraza, kuna karamu tu ya wanaume. Katibu akatazama saa, akamtazama mtu wa tarafa, akasema tuje tuwachukue." Alitoa kadi na kuiweka juu ya ngozi za viatu. "Nimekuja kukuchukua."

"Na kaka yako?"

"Kaka amekaa mbele, anakunywa chai." Zhengbiao alifikiri. "Shati tayari umeshalipiga pasi. Ungeweza kulivaa wewe."

Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu mwaka mpya. Lanfei alivua aproni, akajaribu kutoa gundi vidoleni kwa mafuta ya taa, gundi ikakataa, akaenda nayo.

Njiani walikutana na wanawake wakishuka kutoka kila uchochoro, mmoja na nywele zinazodondosha maji, mwingine na slipa. Walikuwa wanacheka kwa aibu kama wanafunzi waliochelewa gwaride. Ahua alikuwa mbele yao, anaongea.

"Nimemwambia Dehai, ukishakuwa mimi, wali uko jikoni, na mama yako anataka kuoshwa miguu."

Ukumbi wa ukoo wa Ruan ulikuwa umefanyiwa ukarabati miaka michache nyuma. Vibao vya majina ya mababu vilibaki mwisho wa ukumbi, nyuma ya vioo. Mbele yake paliwekwa jukwaa, spika na feni. Meza sita za duara zilikuwa zimepangwa, kumi kumi, wanaume na wanawake wakae wamechanganyika. Lakini wanaume walikuwa wamekaa kwa zaidi ya saa moja. Walikuwa wamejitanua. Kila kiti cha jirani kilikuwa na koti, begi au sahani ya majivu, na vikombe vya chai vilikuwa vimeshaacha duara mezani. Kuwainua kulitaka ugomvi.

Mwalimu Ye aliutazama ukumbi kwa muda, kisha akauliza, "Kuna meza nyingine?"

"Stoo," walijibu wanawake watatu kwa pamoja.

Nani mwingine angejua? Kila msiba na kila harusi ni wao waliozitoa na kuzirudisha. Wakaenda nyuma ya jiko, wakazisimamisha meza tatu kwa ubavu, wakaziviringisha kama magurudumu hadi karibu na mlango. Mviringo ulipogeuka, chini ya kila meza pakaonekana maandishi ya rangi nyekundu. Vitu vyote vya Ruanao vinavyoazimwa huandikwa chini jina la mwenyewe, ili baada ya karamu kila kimoja kirudi kwao. Meza hizi ziliandikwa: *Mabinti wa Ruan waliorudi nyumbani, Mwaka wa Mbuzi.* Hakuna aliyeshangaa. Mwaka uliopita mabinti wote walioolewa nje walialikwa kurudi kwa siku moja, wakaja na miavuli myekundu, wakala, wakapigwa picha na kuuachia ukumbi meza ishirini mpya. Wanawake walizilaza, wakapangusa vumbi, wakakaa.

Hivyo ndivyo baraza la Ruanao lilivyogawanyika, wanaume mbele na wanawake nyuma, jambo ambalo hakuna aliyelipanga na ambalo mtu wa tarafa aliliandika pembeni kama kasoro. Mwalimu Ye alieleza utaratibu: kila meza izungumze saa nzima, itoe pendekezo, imchague mmoja wa kulisema. Mwisho kila mtu ajaze karatasi ya maoni bila kuandika jina, kama zile walizopelekewa nyumbani wakajaza baada ya mpira kutoka.

Lanfei alikaa meza ya kati, pamoja na Ahua, Bibi Guan wa nyumba ya kisimani, na wengine wasiozidi saba. Walimimina mbegu za alizeti mezani. Walianza kuzipasua maganda. Mbele huko wanaume walikuwa wameshaanza kupandisha sauti.

"Basi nianze mimi," alisema Ahua, "maana mtanichukia hata nikimaliza wa mwisho. Mimi nina wavulana wawili. Kila jina linaloongezwa linawabana wanangu. Mama Qiuyan, sikufichi, nataka kanuni ibaki."

Lanfei aliziacha mbegu alizokuwa ameshika. "Ahua. Jana umekula kwangu."

"Nimekula, na tambi zako za tangawizi zilinitoa jasho zuri. Lakini nimeulizwa maoni yangu, sikuulizwa nani mpishi."

Mwanamke mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Lanfei alijua ndio wakati ambao angeanza kulia, na akaiona akilini ile pasi aliyoisimamisha Qiuyan. Akasukuma maganda pembeni.

"Sawa," alisema. "Nieleze unachoogopa. Usiseme wanao. Wanao watapata, tunajua. Unaogopa nini hasa?"

Ahua hakutegemea swali. Alitafuna mbegu mbili tatu. "Naogopa mlango usiofungika. Leo Qiuyan. Namjua, nilimbeba. Kesho binti wa fulani anayekaa mjini Hangzhou, ana nyumba yake, ana gari, anakuja kuhesabiwa huku akitembea na viatu vya kisigino. Kesho kutwa mkwe, na mama wa mkwe. Anakula huku, anakula na kule."

"Hilo na mimi silitaki."

"Hulitaki?"

"Kwa nini nilitake? Nafasi yake ingetoka wapi?"

Bibi Guan, aliyekuwa na umri wa miaka sabini na minne na aliyedhaniwa hasikii vizuri, aliweka kikombe chini.

"Mimi nimezaliwa nyuma ya kilima hicho," alisema. "Nilikuja hapa na miaka ishirini. Nimezaa hapa, nimezika hapa. Mpaka leo nikikosana na mtu kisimani ananiita mtu wa nyuma ya kilima. Na nikienda kusalimia kwetu, watoto wa kaka yangu wanasema, mgeni amekuja, chemsheni maji. Sasa nyie wenye kusoma niambieni. Mimi wa wapi?"

Hapakuwa na mwenye kusoma sana mezani. Walitazamana wote, na ilikuwa zamu ya kila mmoja kuhesabu: kati yao, wote isipokuwa mmoja waliletwa Ruanao na ndoa. Walikuwa maji yaliyomwagwa na vijiji vingine.

Ahua ndiye aliyerudisha mazungumzo njiani, kwa sababu alikuwa na jambo jingine. "Na wake za wanangu? Mmoja akiondoka na mjukuu wangu, akirudi kwao, ahesabiwe huku au huko?"

"Unataka ahesabiwe wapi?" aliuliza Lanfei.

"Mahali fulani!" Ahua alipiga meza. "Mjukuu wangu asikae barabarani!"

Alijisikia mwenyewe, akakusanya mbegu zilizotawanyika. Kisha akasema polepole, "Haya. Chungu kimoja. Mtu ale kwenye chungu kimoja, lakini chungu kiwepo."

Kuanzia hapo kazi iliwaendea kama ushonaji. Mmoja alisema lazima usajili uwe hapa. Mwingine akasema hautoshi, lazima awe anaishi hapa. Ahua akataka barua kutoka kijiji cha mume, yenye muhuri, kwamba huko hahesabiwi. Mwanamke aliyekuwa na dada Hangzhou alikasirika, akasema wanamfungia dada yake nje, na hakutuliza hasira hadi mwisho. Waliobaki walikubaliana. Ikabaki nani asimame.

"Mimi meno hayapo," alisema Bibi Guan, "maneno yatavuja."

Wote walimtazama Lanfei.

"Shemeji yangu amekaa pale mbele."

"Kwani anauma?" aliuliza Ahua.

Meza sita za wanaume zilitangulia. Nne zilitaka kanuni ibaki, mbili zilisema tarafa iamue. Ilipofika zamu ya meza za nyuma, Lanfei alikabidhiwa kipaza sauti. Alikishika mbali mno, kisha karibu mno, kikalia. Alisema pendekezo lote kwa sentensi nne, kwa lahaja ya nyumbani, akiangalia vibao vya mababu kwa sababu hao hawakumkodolea macho. Meza nyingine mbili za wanawake zilisema zinaliunga mkono.

Zhengkui aliinuka. Alikuwa na adabu.

"Shemeji amesema vizuri, na mimi Qiuyan ni mwanangu. Lakini hapa hatuzungumzi nyumba yetu, tunazungumza ukoo. Mababu waliweka mpaka kwa sababu. Ukimhesabu binti, unamhesabu na atakayemfuata. Miaka ishirini mbele utaingia humu utafute Ruan, usimpate. Watu wa zamani hawakuwa wajinga. Maji yakishamwagwa, yameshamwagwa."

Wanaume wengi waliitikia. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Lanfei. Mwalimu Ye hakukijia.

Hakuwa amelipanga alilosema. Alikuwa ameegemea meza, na kidole chake chenye gundi kilikuwa kinasugua ukingo wake.

"Shemeji, meza hii imenunuliwa na maji."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa Ahua, kikaenda mbele. Mtu mmoja aliinama kuchungulia chini ya meza. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" Ahua akamwambia. Katibu aliangalia kikombe chake. Kila mtu ukumbini alijua aliyewakusanya mabinti mwaka uliopita, aliyewapigia simu mmoja mmoja: Ruan Meizhu, binti mkubwa wa Zhengkui. Na kila mtu alikumbuka aliyepanda jukwaani kuwashukuru, akisema kwamba popote walipo, huku ni kwao. Alikuwa Zhengkui, na alilia.

Lanfei hakucheka. "Sikuja kumwombea mwanangu huruma," alisema. "Amenikataza. Alizaliwa hapa, usajili wake uko hapa, analala hapa. Tukiwaita waje na miavuli, wa kwetu. Wakija na watoto, si wa kwetu. Mimi sijasoma, lakini naona tuchague moja."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Zhengkui alitoa sigara, akaigeuzageuza bila kuiwasha. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeuliza ili ajue.

"Na akiolewa tena?"

Swali hilo meza ya wanawake haikuwa imelifikia. Lanfei alimwangalia Ahua, na Ahua akaangalia maganda ya mbegu zake. Lilikuwa swali la haki. Lanfei alijua jibu ambalo mwanawe angelitaka, na alijua jibu ambalo ukumbi ungelikubali.

"Akihama," alisema, "na huko wakamhesabu, mfuteni huku."

"Na mtoto?"

"Na mtoto, akienda naye. Chungu kimoja."

Zhengkui aliitikia kwa kichwa mara moja, akaketi.

Kwenye karatasi za kabla ya mazungumzo, waliotaka kanuni ibadilishwe walikuwa robo. Kwenye karatasi za baada, walizidi nusu. Mwalimu Ye alisoma matokeo, akawakumbusha kwamba baraza linashauri tu. Wanaoamua ni wawakilishi wa kijiji. Kisha wanawake waliziviringisha meza zao kuzirudisha stoo. Zhengbiao, aliyekuwa amekaa nje kwenye ngazi muda wote, aliingia akashika upande wa pili wa meza ya mkewe bila kuombwa.

Qiuyan alisikiliza habari yote jikoni, akikatia Tangtang vitunguu vya majani kwenye supu.

"Akihama mfuteni," alirudia. "Mama, umeniuza nusu."

"Ulikuwa umeshauzwa wote. Nimekukomboa nusu."

Qiuyan aliendelea kukata. Baadaye alisema, "Ningejua ningekuambia uvae lile shati," na Lanfei akajua wamepatana.

Wawakilishi walikutana Jumamosi iliyofuata. Walikuwa thelathini na mmoja, wanne tu kati yao wanawake. Lanfei hakuwa na kura; alikaa nyuma na Ahua, wakila mbegu. Mikono iliyoinuliwa kukubali pendekezo ilikuwa kumi na tisa, ya kukataa kumi na mmoja. Zhengkui hakuinua mkono mara ya kwanza wala ya pili. Alikizungushia kikombe cha chai mikono yote miwili, kama vile ukumbi ulikuwa na baridi.

Alimpita Lanfei mlangoni.

"Sikukupinga, shemeji."

"Wala hukuniunga mkono, shemeji."

"Polepole," alisema. "Mimi ni jiwe, jiwe halichimbwi kwa siku moja." Akamwuliza kama Tangtang bado hapendi nyuzi nyeupe za machungwa.

Kanuni mpya imepelekwa tarafani kusajiliwa. Jumatatu Qiuyan ataomba ruhusa kazini, avuke mto hadi kijiji cha aliyekuwa mumewe, akachukue barua yenye muhuri kwamba huko hahesabiwi. Ahua amesema atakwenda naye, kwa sababu barua aliitaka yeye. Ubomoaji wa nyumba za safu ya mashariki, ikiwemo ya Lanfei, utaanza mwezi wa tatu, na kabla ya hapo kijiji kitaketi tena kupanga nani akae ghorofa gani. Ndoo zitakuwa mbili, na tangazo lililobandikwa uwanjani linasema kila aliyetajwa afike mwenyewe.